Mbili kwa Mia

Siku hizi huwezi kubeti kabla kipimo cha ukutani hakijakusomea uwezekano wako wa kushinda. Ndiyo sheria. Kila jioni Shomari husimama mbele yake, simu mkononi, ametulia kama mtu anayepimwa presha.

“Mbili kwa mia,” kipimo kilisema jana.

“Umesikia mwenyewe, baba Kulthum,” mkewe Tausi alisema, akichambua mchele. Jokofu lilikuwa limeshauzwa.

“Na Kulthum je? Si walituambia hivyo hivyo?”

Kweli waliambiwa. Miaka tisa iliyopita, walipokuwa wakitafuta mtoto, kipimo cha kliniki kiliwasomea mbili kwa mia, na Kulthum akazaliwa. Tangu hapo Shomari anaamini namba hiyo ni yake.

 Tausi yeye analikumbuka benchi la kliniki lilivyojaa, na kila mwanamke pale alisomewa namba ile ile. Mmoja wao huuza ndizi sokoni. Kila akimwona Kulthum humpa ndizi moja, hataki kulipwa, kisha hutazama pembeni.

Shomari alipokwenda kuoga, Tausi alikisogelea kipimo na kukiuliza kwa sauti ya chini, “Mume wangu ataacha kubeti?”

“Mbili kwa mia.”

 Tausi akahisi kifua kimekuwa chepesi, na uso wake ukakunjuka.

“Na Kulthum je?” akakiambia kipimo, akarudi kwenye mchele wake.