Ngiri Apimiwa Kamba

Ngiri aliogopa maji, lakini alipenda upepo wa ziwani kuliko kitu chochote. Basi akajenga nyumba juu ya chelezo cha matete, akakifunga kwenye miti ya ufukweni kwa kamba nne nene. Kila mawimbi yalipopanda alikosa usingizi. Mwishowe akamwita Panya, maana kwa mambo ya kamba hakuna aliyemshinda.

Panya akaja ufukweni kifua mbele. Akaishika kamba ya kwanza, akaitafuna weee, mpaka ikakatika.

"Hii ni imara kweli," akasema. "Imenitoa jasho."

"Hewala!" Ngiri akajibu kutoka mlangoni kwake. "Na ya pili?"

Ya pili nayo ilikatika kwa taabu. Ya tatu nusura imng'oe Panya jino.

"Mzee Ngiri, hizi ndizo kamba!" Panya akasema, akihema. "Hiyo iliyobaki tuiamini tu."

"Hapana, fundi!" Ngiri akaja juu. "Nina watoto humu ndani. Sitaki kazi ya nusunusu."

Panya akaikata ya nne, akapewa shukrani, akaenda zake. Ngiri naye akajilaza, akapata usingizi mnono ambao hajapata kuuonja tangu ahamie pale.

Alipoamka alimwona jirani yake Kobe kule ufukweni, mdogo kama kokwa, akipiga kelele: "Ngiri weee! Unakwenda wapi?"

Ngiri akamwonea huruma.

"Pole, jirani!" akamjibu. "Ni wewe unayesogea. Mimi kamba zangu zimepimwa zote."