Siumwi Jino

Wiki nzima Riziki alijifunika ushungi mpaka mdomoni, hata akiwa ndani kwake. Mtaalamu wa kliniki ya ngozi kule Mtwara mjini alikuwa amemkataza kung'oa ndevu. Alimwambia sindano ya umeme hufuata kila udevu hadi kwenye shina na kuliunguza, kwa hiyo lazima aziache ziote kwanza.

Tangu aolewe, Riziki alikuwa akizing'oa kwa kibano kila alfajiri, kabla mumewe hajaamka.

Mchana ule mumewe alirudi kutoka kwenye mikorosho, akamkuta uani anamenya mihogo. Alimpa kipande cha gazeti kilichokunjwa. Ndani mlikuwa na karafuu.

"Tafuna upande unaouma, mke wangu. Jino lisikutese."

Riziki alizitazama zile karafuu. Angeweza kutafuna moja tu na mambo yakaishia hapo.

"Siumwi jino," alisema, akauteremsha ushungi.

Ndevu zilikuwa nyeusi, ngumu, zimejikunja chini ya kidevu. Katikati yake palikuwa na vigaga vidogo, pale sindano ilipopita mara ya kwanza. Mumewe alichuchumaa mbele yake, akaangalia kwa muda mrefu.

"Hapa umeungua?"

"Ni matibabu. Wanazichoma moja moja ili zisiote tena."

"Inauma?"

"Sana."

Mumewe alinyoosha kidole, akakisimamisha karibu kabisa na kidevu cha mkewe.

"Naweza kugusa?"

Riziki aliweka kisu chini, akainua uso.