Kichupa cha Mbwa wa Injinia

Mashine ya kupima damu iliponguruma, Deka alianza kusoma Ayatul Kursi kimoyomoyo. Alifika katikati, akasahau, akaanza upya.

"Unamtetemekea mbwa?" Daktari Salat wa mifugo alimtania. "Binti, huyu ni mbwa wa injinia wa visima, si ngamia wa mahari yako."

Deka, mfagizi wa maabara ile ndogo ya Garissa, aliendelea kuikazia macho mashine. Asubuhi daktari alimtoa damu mbwa aliyekuwa akitapika, akakiacha kichupa mezani na kwenda kupokea simu. Aliporudi alimkuta Deka amekibana kifuani.

"Na leo huoshi mikono mara saba na mchanga? Wewe, ambaye hata kamba ya mbwa unaishika kwa gazeti?"

"Nitaosha, Daktari."

"Baba yako je, tumbo limetulia?"

"Aabo bado."

"Mpelekeni hospitali. Ingawa mashine kama hii hawana. Wakisikia ninayo, watapanga foleni hadi Modika. Damu ya mtu ikivuka mlango huu, mimi kazi sina."

Karatasi ikatoka. Salat aliisoma, akaacha kutabasamu.

"Kongosho limevimba. Hilo peke yake si hoja, wengi hupona. Lakini kalsiamu imeshuka, urea imepanda. Hizo ndizo zinazosema ugonjwa umefika wapi. Huyu umemfikisha pabaya."

"Hakuna dawa?" Deka aliuliza.

"Maji ya mshipani, chupa juu ya chupa, na madaktari wa Nairobi. Leo, si kesho. Sasa nani atampeleka mbwa Nairobi?"

Deka akashika meza.

Nje, chini ya mgunga, mbwa aliinuka, akanywa maji, akatikisa mkia.

"Usidanganywe na mkia," Salat alisema, akivuta dawa kwenye sindano. "Damu haisemi uongo. Bora nimpumzishe kabla maumivu hayajamzidi."

Deka hakuwahi kumkatiza mwanamume maneno. Alimtangulia mlangoni, akatandaza mikono, shungi likamwanguka mabegani.

"Mwache mbwa, Daktari. Damu yake niliimwaga, nikatia ya aabo aliyotolewa zahanati. Nitafutie gari la kumpeleka aabo Nairobi."