Vioo au Vigae

"Weka vioo, Russell. Nakuomba kwa mara ya mwisho, weka vioo."

Noreen Pickup alikuwa amepanda juu ya ndoo iliyopinduliwa ili kichwa chake kipite ua wa mbao, na alikuwa akiomba kwa sauti ya kusikika hadi baa ya kona. Upande wa pili Russell alisimama mikono mfukoni, kama mtu anayemtazama mbwa wa jirani akibweka. Fundi aliyekuja kupima alijifanya hasikii.

Ugomvi ulikuwa juu ya chumba cha kuotea jua ambacho Russell alitaka kukibandika nyuma ya nyumba. Kuna kile cha vioo mpaka juu, ambacho nusu ya mtaa wanacho na wote wanalalamika kwamba majira ya baridi ni friji na kiangazi ni tanuri. Na kuna cha paa la vigae: joto la nyumba, na giza la nyumba.

"Vigae vitanizibia mwanga jikoni," Noreen alisema. "Nikaange mayai kwa tochi?"

"Kula mkate mtupu, mama. Hata hiyo ndoo itapumua."

Fundi akacheka, akaona si mahali pa kucheka, akarudi kwenye tepu yake.

Mtaa mzima ulijua kwamba mayai ya Noreen hayakuwa hoja. Hoja ilikuwa Lorraine, mke wa Russell. Tuliambiwa anaumwa, hapendi watu. Simu yake iliharibika na haikutengenezwa tena. Russell akienda kazini alifunga milango yote miwili kwa nje na kuondoka na funguo. Noreen aliwahi kuita polisi. Walimkuta Lorraine kwenye kochi, mkono wa mumewe begani, akasema hana shida yoyote. Wakashukuru kwa chai, wakaenda zao. Tangu siku hiyo hakutoka hata kuanika nguo.

Lililobaki ni dirisha la jikoni, upande wa nyuma. Asubuhi Lorraine alisimama hapo akiosha kikombe, Noreen akampungia mkono kutoka chumba chake cha juu, na Lorraine akainua kikombe. Basi, hapo wameshasalimiana mpaka kesho.

Chumba kipya kingejengwa mbele ya dirisha hilo hilo. Paa likiwa la vioo, Noreen angeendelea kumwona. Likiwa la vigae, Lorraine angefunikwa kama chungu.

Fundi, mtu mwema, alimweleza Russell kwamba vioo havina mambo mengi, vinasimama upesi. Vigae vina mlolongo wake, ingawa makaratasi ya halmashauri yeye fundi angeyashughulikia mwenyewe. Russell hakumsikia. Alikuwa akimtazama Noreen, na uso ulikuwa unamchangamka.

Tuliomfahamu tulijua kinachofuata. Noreen alipomwomba apunguze miti ya uani, aliiacha ikafika paani. Alipomwomba asikate nyasi Jumapili asubuhi, Jumapili asubuhi ikawa ndiyo siku ya nyasi.

"Vigae," alimwambia fundi. "Vya rangi nzito. Na ukuta wa upande wa huyu mama usiwe na dirisha."

Jioni ile kwenye mchezo wa bingo, Shirley Entwistle wa mtaani kwetu alimsema Noreen mbele ya watu. Mwenye akili angenyamaza, alisema. Mdomo wako umemzika yule binti akiwa hai. Noreen alikunywa chai yake asijibu, na kwa Noreen hilo lilikuwa jambo la kutangazwa redioni.

Kuta zikapanda. Russell alichukua likizo, akaweka kiti jikoni na kukaa hapo mchana kutwa mafundi wakifanya kazi. Mtu wa halmashauri aliyekuja kutazama msingi aliishia bustanini. Dirisha likang'olewa, paa likafunikwa, na Noreen akabaki kupungia vigae.

Kazi ilipokwisha, kengele ya Russell ililia. Mlangoni palikuwa na mwanamke wa makamo mwenye kofia ngumu na buti zenye matope: mkaguzi wa majengo.

"Mlishakagua," Russell alisema.

"Huo ulikuwa msingi. Leo natazama chumba, na njia za kutokea. Ungejenga cha vioo nisingekuwa na sababu ya kukanyaga hapa."

Alipita hadi nyuma, Russell nyuma yake. Aligonga dari, akalitikisa komeo la mlango wa bustani, akauliza ufunguo uko wapi.

"Ninao mimi."

"Na wa mlango wa mbele?"

"Ninao mimi."

"Na ukiwa kazini?"

Russell alianza kueleza habari za wezi. Mkaguzi akamgeukia Lorraine, aliyekuwa amesimama kwenye sinki akitazama mahali palipokuwa na dirisha.

"Mama, moto ukiwaka humu, unatokea wapi?"

"Mke wangu anaumwa, hapendi..."

"Nimemuuliza yeye."

Polisi walikuwa wamemuuliza Lorraine kama ana furaha. Habari za milango hakuwahi kuulizwa na mtu.

"Sitoki," alisema.

Mkaguzi alirudi hadi mlango wa mbele, akasema ufunguliwe wote, anataka kuuona ukiwa wazi. Russell, mjuvi kwa majirani na mpole kwa wenye vitambulisho, akafungua. Mkaguzi akasimama kizingitini, mgongo wake ukimwelekea Russell, akatoa simu. Lorraine akampita ubavuni akiwa na slipa tu, bila koti, mvua ikinyesha.

Mlango wa Noreen ulifunguka kabla Lorraine hajabisha. Harufu ya nyama ya kondoo na viazi vya kuoka ikamlaki, na nyuma yake Noreen, taulo mkononi.

"Samahani kwa sauti, mpenzi, imenikauka tangu siku ile ya ndoo. Kulilia vioo mbele ya watu huku moyoni unaomba vigae si kazi ndogo. Ingia, chakula kinapoa."