Spika ya Mwanamkuu

Siku hizi bahari kuu imetegwa vinasa sauti chini ya maji, ijulikane nani anavua wapi, na kila nyumba ya mvuvi ina spika ambamo boti yake husikika. Mwanamkuu hukuna nazi huku akisikiliza injini ya mumewe, Faki, na anavyogonga ubavu wa boti kuamsha samaki kabla ya kutupa wavu.

Mchana huu Faki yuko mezani, anakula. Spika ikagonga.

"Boti umemwazima nani?"

"Iko ufukweni. Nimeifunga mwenyewe."

Spika ikagonga tena, mapigo yale yale ya siku zote.

Mwanamkuu akaacha kukuna. "Baba Maua, hebu gonga meza kama unavyogonga boti."

Mumewe akautazama mkono wake, akatabasamu.

"Huwa nagongaje?"