Barua Isiyo na Jina

"Ameiba tena," Ummu, katibu wa kikundi, alisema kabla hata hajaketi. "Asubuhi hii, maji yalipokupwa."

Hadia aliitupa chini leso iliyokuwa magotini. Siku ishirini na sita alikuwa ndani na kichanga chake, kama ada ya arubaini inavyotaka, na siku tisa za mwisho habari ilikuwa ni hiyo hiyo. Yeye ndiye mwenyekiti wa kina mama wa Faza wanaochimba kombe, wale wa magamba mawili, mchangani. Mwizi anamchezea shere, naye hana ruhusa ya kuvuka kizingiti!

"Amechukua wangapi?"

"Kidogo tu, pengine ishirini. Lakini ni wale wachanga, walaini. Wote wanapita kwenye pete."

Pete ile ya chuma ndiyo kipimo chao: kombe anayepita ndani yake hurudishwa mchangani akakue. Hadia aliisikia damu ikimpanda kichwani. Miezi kumi na minane walikuwa wamelifunga fungu lao la mchanga, wakalizungushia vigingi, wakawa wanapanda mashua kwenda fungu la mbali huku kombe wakinenepa mlangoni pao. Alhamisi afisa wa uvuvi, Bwana Murithi, angekuja kuhesabu. Hesabu ikiwa nzuri, wangepata kibali cha kuchimba na kuuza mpaka kwenye hoteli za Shela. Na Murithi hakuwa mtu wa kubembelezwa. Alikwisha kusema kwamba wakimshika mwizi wao na kumfukuza kwa barua, ataandika kuwa wanalinda. Wasipofanya hivyo, fungu linafungwa miaka mitano.

Fungu la kwanza lilikufa hivi hivi. Mwenyekiti wa wakati ule alimshika binamu yake akiiba, akamwonea haya, na baada ya hapo kila mtu akawa na binamu. Hadia hakumsamehe mwanamke yule hata siku ya maziko yake.

Pazia likafunguka. Mama yake, Bi Afra, aliingia na bakuli la bati lenye ua jekundu lililobanduka nusu. Alikuwa ametoka Mkokoni kuja kumlea mwanawe, na tangu aje jiko lilikuwa lake. Wiki mbili za mwanzo mtoto alilia mpaka sauti ikakauka, maziwa hayakutosha hata kumlowesha midomo. Sasa alinyonya akashiba, akalala.

"Nwa, mwanangu, ingali moto."

Hadia aliinywa ile supu iliyochujwa, huku akilaani. Katikati ya laana chembe ya mchanga ikamkwaruza jino.

"Mama! Mna mtanga humu!"

"Samaki wa sokoni hao, hawaoshwi vyema." Bi Afra aliinama kuokota leso. "Na huyo mtu wenu, pengine ana dharura."

"Nani hana dharura? Si ashike ndia ya fungu la mbali kama wenziwe! Wallahi nikimpata, yeye na nyumba yake nzima hawatii mguu ufuoni miaka miwili. Na jina lake litasomwa sokoni, watu wote wasikie!"

Bi Afra aliikunja ile leso. Alingoja supu iishe, akalichukua bakuli akatoka.

Siku ya pili yake, Alhamisi yenyewe, supu ilichelewa. Mtoto alikuwa ameanza kuhangaika, na Hadia naye alikuwa na njaa na hasira, asijue ipi inamuuma zaidi. Ndipo akasikia viatu barazani, na sauti ya Murithi nje ya pazia.

"Bi Hadia, tumemshika. Gharib alikuwa analinda, amemkuta ndani ya vigingi. Lakini kwanza ungesikia ni nani, ndio tuone—"

"Sitaki jina!" Hadia alipiga kelele hata mtoto akashtuka. "Jina ndilo lililoua fungu la kwanza! Ukinitajia nitamhurumia, au watu watasema nilikuwa na kisasi naye. Ummu, leta barua na muhuri. Pale pa jina pawe patupu."

Ummu aliingia, mtandio wake umemfunika mikono. Macho yalikuwa mekundu.

"Hadia, dadangu, ngoja kidogo. Haraka ya nini?"

"Hata wewe? Siku kumi anatukejeli, wanawake thelathini wanapasuka miguu kwa ajili ya wale kombe, leo unaniambia ningoje?"

"Bi Hadia," Murithi alisema polepole, "mimi mwenyewe naona tungengoja."

Hapo Hadia alicheka kwa uchungu. Mtu wa sheria, mtu wa kupima kombe mmoja mmoja kwa pete, leo amelegea! Basi yeye hatalegea. Aliivuta barua, akaisoma kwa sauti ili wasikie wote walioko barazani: mwizi na wote wa nyumba anamolala, miaka miwili, bila rufaa. Akatia sahihi. Akaugonga muhuri kwa nguvu mpaka wino ukaruka.

Mtoto alianza kulia, akitafuta ziwa.

"Haya, sasa andika jina," Hadia alisema, akimsogezea Ummu kalamu.

Ummu hakuipokea. Alitoa mikono yake chini ya mtandio.

"Alikuwa na hili," alisema, akaliweka mkekani bakuli la bati lenye ua jekundu lililobanduka nusu, na ndani yake kombe wachanga, wangali wakitema maji.