Mtetea Aliyeuogopa Mdomo Wake

"Hivi nikiyadonoa mayai yangu mwenyewe?" Mtetea aliuliza zamani zile, akiatamia kwenye tenga nyuma ya jiko. Kuku wenzake walimwambia aache uchuro. Lakini kila alipojikataza, wazo lilirudi kwa nguvu, mpaka akalihama tenga ili asiyadhuru mayai.

Bata, aliyesomea shida za namna hiyo, akamfuata uani.

"Umewahi kudonoa hata moja?"

"Mungu apishe mbali, dada!"

"Unatamani?"

"Nayapenda mno!"

"Ndiyo maana wazo hilo linakutisha. Wazo si nia. Mdomo wako haujayagusa mayai, lakini sasa hivi yanapoa kwa sababu umeyakimbia."

Mtetea akarudi mbio, akaatamia. Bata akakaa ubavuni pake, akamtaka alitamke wazo lile kwa sauti bila kuondoka. Mwanzoni alilia. Wakarudia kila siku, hata likawa linampitia kama mchuuzi anayenadi kitu ambacho Mtetea hataki kukinunua.

Vifaranga wakatoka.

Bata hayupo tena, ila tenga ni lilelile, na harufu ni ileile ya pumba na moshi. Siku hizi anayeatamia ni binti yake Mtetea. Mama mtu huja kukaa palepale alipokaa Bata.

"Mwanangu," humwambia, "ukijiwa na wazo la kutisha, usilifiche. Niambie."